Stata iwe ya mwisho: kuamsha pikipiki ya spoti iliyolala miaka mingi

Mtu akinunua spoti iliyokaa miaka sita chini ya turubai, jambo la kwanza analotaka ni kusikia mlio. Anaazima betri ya gari, anabana waya, anawasha swichi na kubonyeza stata. Injini inazunguka, inakohoa mara mbili, inanyamaza. Anarudia mpaka betri inachoka, kisha anatangaza kwamba ina tatizo la umeme. Umeme wenyewe pengine ni mzima. Alichofanya katika dakika zile kumi ni kuvuta kutu kutoka chini ya tangi hadi ndani ya kabureta nne, na kusugua ringi za pistoni kwenye kuta za silinda zilizokauka mafuta. Kazi ya jioni mbili imegeuka kazi ya wiki mbili.

Pikipiki inayotembea huchakaa, iliyosimama huoza. Kilomita hula cheni, pedi za breki, klachi na beringi. Miaka ya kusimama hula vimiminika na mpira: petroli, mafuta ya breki, kulanti (kimiminika cha kupozea injini), asidi ya betri, sili, mipira ya mafuta, tairi. Ndiyo maana spoti yenye kilomita 14,000 iliyolala miaka minane inaweza kudai kazi nyingi kuliko yenye kilomita 60,000 iliyoegeshwa jana. Na ndiyo maana mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko ufundi wenyewe: kila kimiminika kikaguliwe kabla hakijasukumwa kwenda sehemu nyingine.

Tuchukue mfano mmoja, Honda CBR600F ya mwaka 1995 hadi 1998, ile wanayoiita F3. Injini ni ya cc 599, silinda nne zilizojipanga kwa mstari, inapozwa kwa maji, ina kabureta nne na tangi la lita 17. Mengi yanayosemwa hapa yanafaa pia kwa ndugu zake wa Yamaha, Suzuki na Kawasaki wa miaka ileile. Tofauti kubwa ni jinsi petroli inavyoingia kwenye injini. R1 ya kwanza, ya 1998, ilikuwa na kabureta, na R6 ya 1999 vilevile. Suzuki ilitia sindano za umeme kwenye GSX-R750 mwaka 1998 na kwenye GSX-R600 mwaka 2001, mwaka uleule Honda ilipoleta F4i. R6 na ZX-6R zilifuata 2003. Kwa pikipiki ya sindano huna kabureta za kuosha, lakini una pampu iliyozama kwenye petroli iliyooza. Washa swichi usikilize: pampu nzima huvuma kwa sekunde mbili tatu kisha hunyamaza. Ikikaa kimya na fyuzi ni nzima, pengine imeganda, na hiyo ni spea ya bei.

Kabla ya kutoa pesa

Anza na namba. Iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, ilingane na logbook ya NTSA kama uko Kenya au kadi ya TRA kama uko Tanzania. Isipolingana, rudi nyumbani. Hakuna msasa wa kuondoa kasoro hiyo.

Baada ya hapo, toa plagi kama muuzaji anakubali, tia gia ya juu kabisa na usukume pikipiki taratibu. Gurudumu la nyuma likizungusha injini, pistoni hazijagandana na silinda. Likiburuzika tu, injini imeshikana, na bei inapaswa kuwa ya chuma chakavu. Mulika tochi ndani ya tangi: kutu ya rangi ya chungwa kama unga inasafishika; matabaka yanayobanduka kama maganda yana tundu nyuma yake. Pitisha ukucha kwenye nguzo za foku, yaani miguu ya springi ya mbele, hasa sehemu inayoingia kwenye sili. Vishimo vya kutu vinavyokwaruza ukucha vitakata kila sili mpya utakayoweka. Hesabu pia kava za plastiki na vishikizo vyake. Watu huogopa injini, ilhali seti ya kava na taa ya mbele ndiyo inayofilisi wengi.

Pwani, Mombasa au Dar es Salaam, angalia zaidi soketi za waya na boliti za aluminiamu, kwa sababu chumvi ya bahari hufika hata ndani ya banda lililofungwa. Bara adui ni mwingine: panya kwenye boksi la eya klina, na nyigu wanaojenga kwa udongo ndani ya mirija ya kupumulia ya tangi na kabureta. Tangi lisilopumua litafanya injini izime baada ya kilomita chache, na utatafuta kosa kila mahali isipokuwa pale.

Tangi na petroli

Petroli si kitu kimoja bali ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi, zile zinazowaka upesi, ndizo hutoroka kwanza. Kinachobaki huungana na hewa na kuwa utomvu wa kahawia wenye harufu ya rangi ya mafuta. Kama petroli ilikuwa na ethanoli, imenyonya pia maji ya hewani, na maji hayo yametua chini ya tangi, mahali kutu inapoanzia. Mwaka mmoja unatosha kuharibu petroli iliyomo kwenye kabureta, kwa kuwa mle ni kidogo na inapumua.

Mwaga yote nje, mbali na jiko na mbali na swichi yoyote, na usiichanganye na mpya kwa kusema itasaidia. Fungua bomba la tangi na kipimio cha mafuta, ziba matundu kwa kipande cha mpira na bati. Kutu ya kawaida huondoka kwa asidi ya sitriki ya unga, ile wanayotumia watengeneza juisi na jemu: kilo moja hadi moja na nusu kwa tangi la lita 17, ndani ya maji ya moto, ujaze mpaka shingoni. Wengi hutia lita tano na kutikisa, wakisahau kwamba kutu mbaya iko kwenye dari la tangi, mahali petroli haikufika. Acha usiku kucha, angalia, rudia ikibidi. Siki ya kupikia nayo inafanya kazi ila inataka siku mbili. Asidi ya betri na ile ya kusafishia vyoo ziache: hula chuma kizima pamoja na kutu.

Ukimwaga asidi, suuza kwa maji, kisha suuza tena kwa maji yenye bikaboneti ya soda ili asidi iliyobaki ife. Dakika chache zinazofuata ndizo zinazowashinda wengi. Chuma kitupu chenye unyevu hurudi kushika kutu mbele ya macho yako. Kausha mara moja kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha mwaga ndani glasi moja ya petroli iliyochanganywa na oili ya injini, zungusha tangi pande zote na umwage. Rangi za kupaka ndani ya tangi tunazikwepa; zikibanduka baada ya miaka mitatu, maganda yake huziba kabureta vibaya kuliko kutu.

Kabureta nne, makopo manne

Hapa ndipo muda utakapokwenda, na hapa ndipo njia ya mkato huonekana kwa kila mtu atakayepita barabarani: pikipiki inayotaka choki saa nzima, inayozima kwenye taa, inayoamka tu juu ya mizunguko 4,000. Sababu ni jeti ya sailensa (mzunguko wa chini wa injini, si bomba la moshi). Tundu lake halifiki nusu milimita, na petroli yote ya injini ikiwa haijapewa akseleta hupita humo. Utomvu kidogo tu unaliziba.

Skrubu za kabureta za Kijapani zina msalaba wao, JIS, unaofanana na ule wa kawaida lakini si huo. Bisibisi ya kawaida hukaa juujuu, huteleza na kula kichwa. Tafuta ya JIS kabla hujaanza. Ukikosa, gonga kichwa cha skrubu kwa nyundo ndogo kwanza ili kutikisa kutu, kisha fungua kwa kukandamiza kwa nguvu.

Usizitenganishe kabureta nne kutoka kwenye fremu yake bila lazima, maana mipira midogo inayoziunganisha ikipasuka utaanza kusaka upya. Fungua vikombe vya chini, moja baada ya nyingine, na weka vitu vya kila moja kwenye kopo lake lenye namba. Toa kwanza kila kitu cha mpira, pamoja na zile diaframu za juu. Dawa ya kuoshea kabureta huvimbisha mpira, na diaframu iliyovimba hairudi kwenye mfereji wake. Inyanyue kwenye mwanga: tundu la ukubwa wa sindano linatosha kuifanya silinda hiyo iwe mvivu.

Skrubu ya kurekebisha mchanganyiko inataka hesabu. Ifunge taratibu mpaka iguse chini, ukihesabu mizunguko, uandike, mfano "moja na robo tatu", kisha ndipo uitoe. Usiikaze chini: ncha yake huvunjika na kubaki kwenye tundu, na kabureta hiyo imekwisha. Nyuma yake kuna springi, washa ndogo na o-ringi, kwa mpangilio huo. O-ringi hiyo ndogo kama mbegu ya ufuta hubaki ndani na watu hawaijui, wanaweka nyingine juu yake, na sailensa haikai tena.

Jeti za shaba hazichokonolewi kwa waya wa chuma. Tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme, dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Kipimo cha usafi ni macho: jeti ikielekezwa juani, tundu liwe duara kamili. Kisha pulizia dawa kwenye kila njia ya mwili wa kabureta na uhakikishe inatoka mahali inapotakiwa kutoka. Njia ikitoa matone badala ya mchirizi, bado imeziba.

Floti, kielea cha ndani ya kikombe, na sindano yake ndivyo vinavyozuia petroli isifurike. Ncha ya sindano yenye mfereji uliochimbika ibadilishwe. Tunakazia hili kwa sababu ya madhara yake. Sindano isipofunga na bomba la tangi likivuja, petroli hushuka usiku mpaka ndani ya silinda. Asubuhi unabonyeza stata, pistoni inapanda na kukuta kimiminika kisichobanika, na mkono wa pistoni unapinda. Petroli ileile huteremka pia kwenye oili. Kwa hiyo kabla ya chochote nusa kijiti cha oili. Kikinuka petroli, usizungushe injini mpaka umemwaga.

Mipira inayoshika kabureta kwenye injini huwa migumu kama kwato. Iloweke kwenye maji ya moto dakika kumi kabla ya kurudisha kabureta, upake grisi ya silikoni. Ikiwa na nyufa zinazoonekana ukiikunja, nunua mipya. Hewa inayopenya hapo hufanya mchanganyiko kuwa mwepesi na silinda kuwa moto.

Injini yenyewe

Plagi zikiwa nje, tia mililita tano za oili safi kwenye kila silinda kupitia tundu la plagi, uache usiku mzima. Kesho yake zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye boliti ya krenki au kwa gurudumu la nyuma kwenye gia ya juu, na daima upande injini inaozungukia ikiwa inafanya kazi. Kuizungusha kinyume kunaweza kulegeza cheni ya ndani. Mizunguko miwili kamili bila kugonga kitu inatosha. Funika matundu ya plagi kwa kitambaa kabla ya kupiga stata siku ya kwanza, la sivyo oili itaruka hadi usoni.

Oili ya zamani imwagwe hata kama ni ya rangi ya asali, kwa sababu ina maji na asidi ndani yake. Nunua 10W-40 iliyoandikwa JASO MA au MA2. Klachi ya spoti inaogelea kwenye oili hiyohiyo, na oili za magari zinazojisifu kwa kubana matumizi ya mafuta zina viungo vya utelezi vinavyoifanya klachi iteleze. Weka filta mpya. Plagi ziwe mpya pia: za NGK zenye -9 mwishoni mwa namba zina pengo la milimita 0.9.

Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu inayokwisha hata pikipiki isipotembea. Mwaga, suuza, jaza kulanti isiyo na siliketi kwa kuwa siliketi husaga sili ya pampu ya maji, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Maji ya bomba yana chokaa. Hata huku kwetu kusikoganda, nusu hiyo ya kulanti inahitajika kwa ajili ya kutu na kuinua kiwango cha kuchemka.

Breki: hapa hakuna kujaribu bahati

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, hata kupitia ukuta wa mpira wake. DOT 4 mpya hairuhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji asilimia 3.7, kiwango hicho cha chini kinakuwa 155. Ukishuka mteremko mrefu, maji hayo hugeuka mvuke, mvuke unabanika, na lever inafika usukani bila pikipiki kusimama. Maji hayohayo hushikisha kutu pistoni za kalipa, kifaa kinachobana diski, na kutengeneza chumvi nyeupe nyuma ya sili.

Kabla ya kufungua mpira wowote wa breki, tumia lever yenyewe kusukuma pistoni nje. Toa pedi, weka ubao mwembamba, bonyeza taratibu mpaka pistoni zichungulie zote. Inayokimbia mbele ya wenzake izuie kwa klampu. Ukishafungua mpira hutakuwa tena na nguvu hiyo, na upepo wa kompresa hurusha pistoni kama risasi. Sili za kila kalipa hutoka kwa kijiti cha plastiki. Mfereji wake ukwanguliwe chumvi yote, kwani chumvi chini ya sili hubana pistoni hata kama ni mpya. Pistoni yenye vishimo ibadilishwe. Rudisha kwa mafuta ya breki safi au grisi nyekundu ya mpira, kamwe si grisi ya kawaida. Kama kalipa ni ya kuteleza kwenye pini, kama zilivyo za F3, pini zipate grisi ya silikoni. Zikikwama pedi moja huisha upande na diski huungua.

Kwenye masta silinda, pampu ya breki iliyo kwenye lever, kuna kitundu kidogo sana cha kurudishia mafuta, chini ya kikopo. Kikiziba, breki haiachii: gurudumu linazidi kubana kadiri linavyopata moto, mpaka linashika lenyewe. Wengi hubadili kalipa nzima kwa kosa la kitundu hicho. Kisafishe kwa uzi wa shaba, kisha bonyeza lever kidogo kifuniko kikiwa wazi: mafuta yakiruka kijichemchemi kidogo, njia ipo.

Mipira ya breki ya umri wa miaka 25 inavimba ndani kabla haijapasuka nje, kwa hiyo weka mipya. Ile ya kufumwa kwa chuma inadumu. Kutoa hewa: bonyeza, shikilia, fungua nipo (skrubu ya kutolea hewa) robo mzunguko, funga, ndipo uachie. Anza kalipa, malizia kwenye boliti ya juu ya masta silinda, kwa kuwa kipovu cha mwisho hujificha pale. Ikibaki laini, funga lever kwenye usukani kwa kamba usiku kucha na asubuhi gusa tena nipo. Mafuta ya breki yakidondoka kwenye rangi, mwagia maji papo hapo. Ukisubiri, rangi inavimba.

Umeme na mwasho wa kwanza

Betri iliyokaa chini ya volti 12 kwa miezi imejaa chumvi ya risasi kwenye bamba zake. Chaja itasema imejaa, na stata itaufichua uongo huo. Mpya ya Ah 8, kama YTX9-BS, ichajiwe kwa ampea 0.8, sehemu ya kumi ya ujazo wake. Ikiwa imejaa husoma volti 12.8 au zaidi, na wakati stata inazunguka isishuke chini ya 10. Safisha soketi zote za waya zenye ukijani, hasa swichi ya stendi ya pembeni, ya klachi na ya kuzimia. Hizo tatu zikikosea, pikipiki itakaa kimya kana kwamba haina betri.

Tangi likae pembeni bado. Ning'iniza chupa ndogo ya petroli mpya juu ya kabureta kwa mpira wenye filta, subiri dakika tano uone kama kuna kabureta inayovuja. Kisha, plagi zikiwa nje, piga stata mpaka taa ya oili izime. Sasa rudisha plagi, vuta choki, usiguse akseleta, bonyeza. Ikiwaka itatoa moshi wa bluu kwa dakika chache, ni ile oili uliyotia kwenye silinda. Dondosha maji kwa kidole kwenye kila bomba la moshi: lenye maji yasiyokauka ni silinda isiyofanya kazi, rudi kwenye jeti yake. Ikipata moto, subiri feni ya rejeta iwake yenyewe kabla ya kuizima. Mlio wa kokoto unaotoka upande wa cheni ya kamu na kupungua ukipandisha mizunguko ni kikazio chake, ugonjwa unaofahamika kwa Honda za miaka hiyo.

Pima chaji kwenye betri kwa mizunguko 5,000: kati ya volti 13.8 na 14.8 ni nzuri. Chini ya 13, chomoa soketi ya waya tatu za njano kutoka kwenye koili; kati ya kila mbili usome volti za AC zinazolingana, na kati ya yoyote na bodi kusiwe na njia kabisa. Koili ikiwa nzima, wa kulaumiwa ni rektifaya, kidhibiti cha chaji, kifaa kingine ambacho Honda za zama zile hukiunguza. Juu ya 15 ni yeye tena, na hapo anapika betri.

Sasa linganisha kabureta. Geji nne za mvuto wa hewa, au mrija mwangavu wenye oili ukilinganisha mbili kwa mbili, huunganishwa kwenye nipo za kuingilia hewa. Injini ikiwa moto, kwenye sailensa ya mizunguko 1,200 hadi 1,300, linganisha ya kwanza na ya pili, ya tatu na ya nne, kisha jozi hizo mbili kwa skrubu ya katikati. Mtetemo wa usukani unaopotea ghafla ndio malipo ya kazi hiyo. Pikipiki iliyopangwa kwa usawa wa bahari ikifanya kazi Nairobi, mita 1,700 hivi juu, itakuwa na petroli nyingi kuliko hewa: plagi nyeusi, mlio mzito. Punguza skrubu za mchanganyiko robo mzunguko kwa wakati. Ikibidi zaidi, jeti kuu ndogo kwa saizi moja.

Kuiweka sawa na mpandaji

Tairi zina tarehe ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya DOT, 2316 maana yake wiki ya 23 ya 2016. Zikiwa na tarakimu tatu, ni za kabla ya 2000, na hata kama zina meno mazima ni plastiki. Umri ukipita miaka kumi usibishane; mpira uliogeuka mgumu huteleza kwenye kona ya kwanza yenye unyevu. F3 inavaa 120/60 mbele na 160/60 nyuma, zote inchi 17. Kuweka 180 nyuma kwa ajili ya sura kunabana ubavu wa tairi kwenye rimu finyu na kuifanya pikipiki iwe nzito kugeuza.

Cheni ioshwe kwa mafuta ya taa, si petroli, ambayo hukausha o-ringi zake. Ivute nyuma kwenye sproketi ya nyuma: ukiona nusu jino, imekwisha. Zungusha gurudumu uitafute sehemu yenye kubana zaidi, hapo ndipo unapopima ulegevu, na namba sahihi iko kwenye kibandiko cha mkono wa nyuma.

Springi za pikipiki hizi zilipangwa kwa mtu wa kiwandani, si kwako. Upande wa nyuma, pima kutoka kwenye ekseli hadi alama juu ya kava. Gurudumu likiwa limeninginia, tuseme milimita 562. Panda na nguo zako zote za safari. Msaidizi anyanyue kidogo aachie taratibu: 530. Akandamize aachie taratibu: 524. Wastani ni 527, kwa hiyo umeketi milimita 35. Vipimo viwili vinahitajika kwa sababu sili zinakwama, na kimoja peke yake hudanganya. Kati ya 30 na 40 mbele na nyuma ni sawa kwa barabara. Zaidi ya hapo kaza pete ya springi, chini ya hapo legeza. Ukikaza mpaka mwisho na bado unazama, springi ni laini kwa uzito wako, na hakuna skrubu ya kuliponya hilo. Oili ya foku ya miaka mingi imegeuka maji ya kijivu. Ibadilishe kwanza, vinginevyo unapanga kitu kisichopo.

Safari ya kwanza iwe kilomita 20, karibu na nyumbani, breki ukizijaribu kwa mwendo wa kutembea kabla ya kutoka getini. Klachi iliyoshikana kwa kulala itataka gia iingie kwa kishindo mara moja mbili kisha itaachia. Rudi, gusa diski zote mbili kwa tahadhari. Moto zaidi upande mmoja ni kalipa inayoburuta. Kagua boliti za ekseli, kalipa na usukani. Kwenye kilomita 300 mwaga oili tena pamoja na filta, kwa kuwa hii ya pili imeoga uchafu wote wa miaka iliyopita. Na siku ukijua itasimama zaidi ya mwezi, funga bomba la tangi na ufungue skrubu nne zilizo chini ya vikombe vya kabureta, petroli itoke yote kwenye chupa.